Tupeane uzoefu: jambo kubwa ulilolianza, na pale katikati lilipokukaba

Mshamba wa Wete (mwanzishaji)
Asalaam alaykum wanajamvi. Wasemaji wa hamasa wamenichosha. Wanatusimulia siku ya kung'oa nanga na siku ya kutia nanga, basi. Aliyewahi kuvuka na mashua kutoka Unguja kuja Pemba anajua kuwa habari yenyewe iko mkondo wa Nungwi, pale wasemaji wote wanapokuwa kimya, kila mtu na dua yake. Basi leo tusimuliane ya mkondoni tu. Naanza mie.

Watoto wa kijijini kwetu walikuwa wakienda skuli mwendo wa saa nzima, na masika wanavuka bonde la mpunga maji yakiwafika magotini. Mzee mmoja, mvuvi, akasimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa akasema: tutajenga wenyewe vyumba vitatu, serikali itatukuta njiani. Watu wakaitikia inshaallah, ile inshaallah ya kumaliza mazungumzo. Keshoye alfajiri kashika ndoo, anasomba mchanga peke yake. Hakumwita mtu. Siku ya tatu tulikuwa kumi na mmoja, na sisemi uongo, mie nilitolewa nyumbani na haya, si na uzalendo.

Kuta zikafika lenta, fedha zikakatika. Miaka miwili mizima! Ndani ya darasa la kwanza ukaota mpapai, ukazaa, watoto wakawa wanaangua. Mzee akapewa jina, "mkuu wa skuli ya mapapai". Mie ndiye niliyeshika daftari la michango, nikamwendea nikamwambia, mzee wangu, turudishe kilichobaki tupumue. Hakunijibu. Yeye kusoma hajui, akanambia nimsomee majina yote ya waliochanga. Yalikuwa 64. Nikasoma mpaka ikaadhiniwa isha. Kisha akasema twende nyumba kwa nyumba, anayetaka chake tumpe. Waliotaka ni wawili, na mmoja wao alikirudisha baada ya wiki kwa kuwa mkewe alimsusia chakula.

Msimu wa karafuu ulipofika watu wakatoa tena. Mabati yalikuja kutoka serikalini, kama alivyosema. Ila mie nikikumbuka, nakumbuka ule usiku wa daftari.

Bi Mkubwa wa Jambiani
Wa alaykumu salaam. Mie ni mkulima wa mwani tangu nikiwa kigori. Wageni mwani wanauona kwenye sabuni, hawajui kiuno kinavyouma. Mwani wenye bei ni kotoni, na kotoni hautaki maji ya moto. Hapa kwenye maji madogo ukawa unageuka mweupe, unaoza, unakatika kambani. Tukabaki na spinosamu, mwani wa aina nyingine, bei yake ya kulia. Tukaambiwa kotoni unaweza kuota kwenye kina kirefu. Sasa kina kirefu na sie wanawake tusiojua kuogelea, wapi na wapi?

Nikawaambia wenzangu ishirini kuwa mie nitajifunza. Nilikuwa na miaka 43. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Bamvua la kwanza, zile siku maji yanapokupwa sana, nilikunywa maji ya chumvi ya kutosha kupikia shughuli. La pili vilevile. Kamba tulizokwenda kuzifunga huko kwa chombo cha kuazima zilichukuliwa na mawimbi, na tai-tai zake zote, vile vikamba vya kufungia mwani, na hizo kamba zilikuwa za kikundi. Huo ndio mkondo wangu, Mshamba. Si kuogopa maji, ni kurudi pwani kuwatazama wenzangu usoni mikono mitupu. Nilitaka kupita njia ya nyuma. Nikapita ya mbele, nikasema kamba zimekwenda, nitalipa kidogo kidogo. Wawili waliotoka kikundini mpaka leo hatusalimiani vizuri. Sita walikuja kujifunza na mie.

Kuku Mmoja
Yangu haina mwisho mzuri, msije mkasema sikuwaonya. Chake Chake, vijana wanane, fedha za upatu, kuku 300. Mie ndiye niliyewashawishi, nilikuwa na maneno! Nikaahirisha chanjo wiki moja ili ninunue vyombo vya maji vya kisasa, maana tulitarajia wageni kuja kututembelea. Kideri, ugonjwa wa kuku, kikapita. Akabaki mmoja, ndiyo jina langu hapa.

Msimu mzima nikachuma karafuu za watu, nalipwa kwa pishi, nawarudishia wenzangu. Juu ya mkarafuu unapata nafasi ya kufikiri. Nilichokuja kukiona ni kwamba nilikuwa nafikiria wageni, sikuwa nafikiria kuku.

Mtoto wa Fumba
Nachomekea. Sisi wa huku tunajivunia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, na kila anayemtaja anataja Bombay, 1928, sauti yake kuingia kwenye sahani za santuri. Lakini mjini aliingia 1911, muuza vyungu kutoka shamba. Hesabuni. Ni miaka 17 hiyo ya kujifunza, kuimba kwenye kumbi za watu na kusengenywa. Hiyo 17 nani anatusimulia?

Mshamba wa Wete
Kuku Mmoja, kaka, nimecheka kisha nikajiona mbaya. Ulimaliza kulipa?

Kuku Mmoja
Bado mmoja. Amenisamehe, lakini sitaki.

Mshamba wa Wete
Bi Mkubwa, shikamoo. Suali moja tu: hiyo kuogelea alikufunza nani?

Bi Mkubwa wa Jambiani
Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu, ana miaka tisa. Alikuwa ananishika kidevu, ananambia, "Bibi, acha kupigana nayo." Nikizama anacheka, na kila somo ananidai kashata.