Naomba ushauri: Sperlonga kwa siku moja kutoka Roma, tuanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nampeleka mama Sperlonga, mji wa mlimani ulio ufukweni kati ya Roma na Napoli. Goti lake linamsumbua: tambarare anatembea vizuri, ngazi ndefu ndiyo shida. Treni ya kutoka Roma Termini inatushusha Fondi-Sperlonga, kisha basi.

Kuna sehemu mbili ambazo sitaki tuzikose. Ya kwanza ni pango la Tiberius, Kaisari wa Roma ya kale, na makumbusho yake, chini, mwisho wa ufuko. Mwaka 26 BK mawe yaliporomoka pangoni wakati wa karamu, Sejanus, mkuu wa walinzi wake, akamkinga Kaisari kwa mwili wake. Vipande vya sanamu za Odysseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, na wenzake wakimtoboa jicho Polyphemus, jitu lenye jicho moja, viligunduliwa hapo mwaka 1957, barabara ilipokuwa ikijengwa. Kwangu hiki ndicho kiini cha safari. Ya pili ni mji wa zamani juu ya mwamba, vichochoro vyeupe vilivyobanana, na mnara wa Torre Truglia baharini. Mji huu ulivamiwa na Barbarossa, kamanda wa meza za Waosmani, mwaka 1534.

Nimepitia ramani za simu. Zinaonyesha umbali, lakini hazitofautishi mteremko na ngazi.

Kwa waliofika:

1. Tuanze na makumbusho asubuhi kisha tupande mjini, au tushukie juu kwanza ili mama ateremke tu?

2. Kutoka mjini hadi ufukweni, kuna njia isiyo na ngazi, au ni lazima teksi?