Kuwatoa watoto shule tukasafiri: tupeane uzoefu

Mpishi wa Diani
Salaam jamani. Leo getini nimemkuta mama mmoja akibishana na mwalimu mkuu juu ya siku nne za Lamu, nikakumbuka yangu. Sisi wa hoteli, Agosti na Disemba livu usiitaje kabisa, wageni wa bara wamejaa mpaka kwenye korido. Livu twatupiwa Mei na Juni, mvua yanyesha, vyumba vitupu, nusu yetu twaambiwa tukalale nyumbani. Na watoto ndio wako muhula wa pili. Sasa familia ikae pamoja lini? Mimi kila Juni nawatoa, twaenda kwa bibi yao Pate. Nyinyi mwafanyaje?

Bint Mvita
Weye umenichekesha kabla sijasema. Mwaka ule tulikwenda Maulidi ya Lamu, nikamwambia mwalimu wa darasa mtoto ana malaria. Tukakaa Langoni kwa mama mdogo, mbio za punda tumeona, mbio za majahazi tumeona, msikiti wa Riyadha tumekwenda, raha tupu. Tumerudi, namwandaa bintiyangu asubuhi, namtia na kifurushi cha haluwa mkobani: "mpe mwalimu." Ni mie mwenyewe niliyemtia! Mtoto kaingia darasani mweusi kwa jua, piko mikononi mpaka kwenye viwiko, kamkabidhi mwalimu: "Mama asema hii yako, yatoka Lamu." Mwalimu kaila haluwa, halafu kanipigia simu kuuliza malaria hiyo huuzwa kwa kilo ama kwa sinia.

Kaka Tuktuk
😂😂 Kwa sinia!

Mwalimu wa Kisauni
Tukiwauliza "umepona?" mtoto hukusimulia treni yote, kutoka Miritini, ndovu wa Tsavo, mpaka soda aliyomwagia abiria Mtito Andei. Twajua, wazazi. Twanyamaza tu.
Mimi siku tatu nne hazinisumbui, akiwa gredi ya kwanza au ya pili. Gredi ya nne na ya tano ndio shida, kuna tathmini za shuleni na alama zinapelekwa KNEC, baraza la mitihani. Mtoto akikosa mradi wa kikundi, wenzake wamemaliza, mimi nimtungie alama? Njooni muulize tarehe kwanza. Hilo tu.

Shoka la Bara
Mimi sielewi. Shule zinafungwa mwisho wa Oktoba, Novemba na Disemba yote watoto wako nyumbani wanapigana na rimoti. Unatoroka Juni kwa nini?

Mpishi wa Diani
Ndugu yangu, umesoma nilichoandika? Disemba wewe ndiye uko kwenye korido yangu na taulo begani waniuliza chapati ziko wapi.

Shoka la Bara
Hahaa. Haya, nimenyamaza. Lakini chapati zilikuwa zimeisha kweli.

Wakili wa Mtaani
Kabla hamjajisifu: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30. Mzazi asiyehakikisha mtoto anahudhuria shule, faini hadi shilingi 100,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mwalimu wa Kisauni
Wakili, soma kote. Mwalimu mkuu kwanza huchunguza mtoto amekosa kwa nini. Akiona hakuna sababu ya maana, humwandikia mzazi ilani. Hapo ndipo faini inapoanza kunukia. Usiwatie watu tumbo la kuendesha.

Umm Sumayya
Dadangu yuko Leicester, Uingereza. Kule hawachezi, pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 zinakuwa 160. Amelipa yeye na mumewe, watoto watatu, wakaja Mombasa kabla shule hazijafungwa. Asema tiketi za Julai zingemtoa roho zaidi ya hiyo faini.

Mama wa Likoni
Mimi nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Ngojeni.
Mdogo wangu aliolewa Tanga. Harusi Alhamisi, kwa hivyo Jumatano alfajiri nikawachukua wanangu watatu, basi la Lunga Lunga. Shule sikuaga. Baba yao nimeachana naye, naye sikumwambia, maana namjua, lolote la upande wetu yeye ni hapana.
Shule ikampigia yeye. Akasema hajui watoto wako wapi. Akaenda kituo cha polisi na mamake, yule bibi kalia pale kaunta kuwa wajukuu wameibiwa. Mie sina habari. Niko mpakani kwenye foleni, hati zetu mkononi, kadi za homa ya manjano zote, niko sawasawa. Afisa kagonga muhuri wa kwanza, wa pili, simu yake ikalia. Akaniangalia. Akaangalia karatasi. "Mama, kaa pembeni kidogo."
Yule dereva akanishushia begi la nguo za harusi na ndoo ya mabuyu, abiria wanaguna, basi likaenda. Tumekaa kwenye benchi, watoto wanakula viazi karai hawana neno. Afisa akamwinamia wa katikati, kwa upole kabisa: "Baba anajua mnasafiri?" Mtoto akameza kiazi: "Hajui. Mama alisema tusimwambie."
Wallahi nilitamani ile ardhi.
Wakampigia baba yao, wakaweka spika, watu wote wa foleni wasikia. Afisa kamuuliza: watoto warudi au waende? Kimya. Nasikia mamake nyuma analia. Halafu akasema, "Waende. Lakini mwambieni yule mdogo asilale na feni, kifua chake." Basi.
Tumefika Tanga nikaha imeshapita, biriani imebaki ukoko. Na ningemuomba ruhusa, hata huo ukoko nisingeuona. Hilo nalisema mpaka leo.

Bint Mvita
Ya Rabi. "Asilale na feni." Mie nimelia hapa sokoni.

Shoka la Bara
Dada, pole, lakini yule mwanamume aliambiwa na shule watoto hawapo. Ulitaka aende akacheze bao?

Mama wa Likoni
Nilitaka anipigie mimi.

Shoka la Bara
Ulikuwa umemblok?

Mama wa Likoni
Hilo ni jambo jengine.

Kaka Tuktuk
😂😂😂 Jambo jengine!

Umm Sumayya
Muacheni mwana wa watu. Mwanamume akisafiri na watoto hakuna anayeulizwa barua ya mama.

Shoka la Bara
Nimeulizwa! Uwanja wa ndege, na mke wangu yuko nyumbani anapika. Tusianze haya.

Wakili wa Mtaani
Mwenye kuvuka mpaka peke yake na watoto abebe barua ya mzazi wa pili na vyeti vya kuzaliwa. Iwe imeandikwa, isiwe ujumbe wa simu.

Mzee wa Kuze
Na shuleni msiandike barua. Ukiandika umewapa ushahidi. Enda kwa mdomo, msalimie mwalimu mkuu, ongea habari za maji ya mfereji, halafu ukiondoka useme "aa, mtoto hatakuwepo Alhamisi."

Mwalimu wa Kisauni
Mzee, kesho mwalimu wa darasa atakuja kuniuliza. Andikeni barua, mistari miwili, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Na mkiweza, shikanisheni na ile likizo fupi ya mwisho wa Juni. Mtoto akikosa siku mbili kabla yake, hakuna atakayewatafuta.

Bint Mvita
Maulidi nayo yarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Ngojeni yaingie likizo ya Agosti, tutakwenda bila malaria.

Mpishi wa Diani
Agosti mimi niko jikoni, dada.

Umm Sumayya
Na chuoni je, madrasa? Mwalimu mkuu mwamuogopa, ustadhi mwamuaga lini?

Bint Mvita
Ustadhi wetu hakatai, ila akirudi mtoto amuanzisha juzuu upya. Wangu alisafiri mara moja, hataki tena kusikia Lamu.

Kaka Tuktuk
Swali la maana sasa. Nataka kuwapeleka wangu Lamu. Basi la asubuhi la Mokowe, pale pa kupandia boti, laondoka saa ngapi siku hizi?

Mzee wa Kuze
Wapigie ofisini kwao, saa zabadilika wakingoja msafara wa polisi wa kuwasindikiza. Na kata siti za mbele. Nyuma watoto watakutapikia kutoka Malindi mpaka Garsen.