Mrejesho: kadi mbili tofauti kwenye mashine moja

Wakuu, niliwauliza kama kadi mbili za picha (graphics card), RX 580 ya GB 8 ya AMD na GTX 1660 Super ya NVIDIA, zinaweza kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum Classic pamoja kwenye kompyuta moja nyumbani.

Zinaweza. Kila kadi inachimba kivyake, hakuna cha kuziunganisha. Kwenye Windows draiva za AMD na NVIDIA zilinisumbua, nikahamia HiveOS, mfumo endeshi wa mashine za kuchimbia, ikaziona zote mbili papo hapo. Nikishazipunguzia umeme, 580 inatoa kama MH/s 29 (megahashi kwa sekunde, ndiyo kasi ya kuchimba), 1660 kama 31.

Kilichoniponza ni raiza, kile kipande cha kuunganishia kadi na ubao mama ikiwa nje ya nafasi yake. Mlinionya nisiilishe umeme kwa waya wa SATA, ule wa umeme wa hard disk, nikajifanya mjuaji. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki. Kucheki, plagi imekuwa nyeusi na kulainika kama bigijii. Sasa natumia waya wa pini 6, ukiushika wala haupati moto.

Tatizo LUKU. Mashine inavuta kama wati 270, yaani uniti 6 na nusu kwa siku, na tangu Ethereum yenyewe iachane na uchimbaji Septemba 2022 na wachimbaji wake wengi kuhamia huku kwenye Classic, kinachoingia hakilipi hata hizo uniti. Mama watoto ameshaniuliza mara mbili kama friji ni mbovu.

1660 nimempa dogo achezee gemu. 580 naiuza.