Ukweli unaouma: uliambiwa au uligundua mwenyewe? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Naanza mimi. Mama aligundulika ana kansa ya shingo ya kizazi, sisi watoto tukakaa kikao tukakubaliana asiambiwe, maana presha yake ilikuwa juu. Kichekesho sasa, tunampeleka Ocean Road, hospitali ya kansa pale Dar, kupigwa mionzi, na mtu mzima wa Dar asiyejua Ocean Road wanatibu nini bado sijamuona. Tunamwambia ni uvimbe tu mama, anaitikia "haya". Alivyofariki tukafungua sanduku lake, vitenge vimekunjwa, kila kimoja kimeandikwa jina la mtoto wake. Kumbe alijua muda wote na hakuwa na wa kuongea naye. Nyie je?

Binti Tandika: Pole mkuu. Mimi nimezaliwa na virusi, kila saa mbili usiku nameza dawa naambiwa za kifua, bibi akitoka kliniki anabandua lebo kwenye makopo. Siku moja akasahau, na mimi nipo form two bailojia ndo tumetoka kusoma ARV. Nilimchukia bibi karibia mwaka mzima, nikaacha dawa mpaka nikalazwa. Angeniambia nikiwa na miaka tisa hivi ningelia yakaisha. Saa hizi nina mtoto, yuko salama kabisa.

Suka wa Usiku: Mimi ni DNA. Nilitaka kumpima dogo kimyakimya, kumbe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, wanakopima DNA, huendi tu na nywele za mtoto mfukoni, kuna sheria ya 2009, unapitia mahakamani, kwa wakili au ustawi wa jamii. Nikaenda ustawi, mama wa pale akaniuliza swali moja tu, majibu yakija siyo, kesho asubuhi huyu mtoto atakuita nani? Nikarudi home. Dogo yuko la sita, tunafanana ubishi tu. Sijapima na usingizi wangu siyo mzuri, nisiwadanganye.

Mzee wa Tanga: Kitanda hakizai haramu, lea mtoto.

Suka wa Usiku: Hiyo mzee wangu ilitungwa na mtu aliyelala vizuri 😂

Mleta mada: @Binti Tandika bibi bado yupo?

Binti Tandika: Yupo, tunaongea sasa hivi. Ila saa mbili usiku lazima apige simu kuuliza kama nimekunywa dawa ya kifua.