IST 1NZ imewekewa oili ya 20W-50 badala ya 5W-30: nimwage sasa au nisubiri sevisi ijayo?

Sakina_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE ya cc 1500, imeshatembea km 168,000. Kwenye sevisi iliyopita imewekwa 20W-50, na tangu hapo imekwenda km 400 tu. Asubuhi za baridi hii ya Arusha ukiwasha inalia "krrr" upande wa cheni sekunde mbili tatu kisha inanyamaza, na taa ya oili inachelewa kuzimika. Mpaka ipate moto inakuwa nzito kuchanganya, na mafuta yanakwenda kuliko zamani. Fundi anasema gari lililotembea sana linataka oili nzito. Kabla ya hapo ilikuwa inatumia 5W-30 na haikuwa inapunguza oili wala kutoa moshi. Je, nimwage sasa? Imeshaharibika kitu? Na ni lazima kuflashi, yaani kuosha injini ndani kwa dawa? Gari linakwenda Moshi na kurudi mara mbili kwa wiki.

Spana_Kumi:
Mwaga, weka 5W-30 na filta mpya. Flashi achana nayo. Injini haijafa, lala usingizi.

MzeeWaUnga:
Mnatishana bure. 5W ni oili ya Ulaya kwenye theluji. Huku kwetu joto, oili nyepesi inakuwa maji. 20W-50 imebeba magari ya nchi hii tangu enzi za Corolla za kabureta.

Njiro_Gereji:
Mzee, shikamoo, lakini hapo pana mambo mawili yamechanganyika. Namba yenye W inaeleza oili inavyojiendesha ikiwa baridi, hiyo ya pili inaeleza ikiwa na moto wa injini, na hupimwa kwenye nyuzi joto 100. 5W-30 haiwi nyepesi kuliko 10W-30 ikishapata moto, zote ni 30. Kwa hiyo kuichukia 5W kwa sababu ya joto la Tanzania hakuna msingi. Na joto la nje haliingii sana kwenye hesabu, kwa sababu themostati ya 1NZ, inayodhibiti joto la maji ya injini, inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, uwe Sakina au uwe Tanga. Iliyobaki ni kazi ya rejeta na feni.

Sasa tuje kwenye gari la mleta uzi. Kwenye nyuzi 100, daraja la 30 lina mnato (uzito wa kutiririka) wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, na daraja la 50 ni 16.3 hadi 21.9. Hapo tofauti inavumilika. Shida iko asubuhi. Kwenye nyuzi 40 tu, 5W-30 ya kawaida inacheza kwenye 60 hadi 70, wakati 20W-50 inafika 160 na ushee. Shuka mpaka nyuzi 12 za alfajiri ya Julai, pengo linazidi kutanuka. Pampu inaivuta kwa tabu, na presha ikipanda kupita kiasi valvu ya usalama inafunguka na kuirudisha sehemu ya oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ukiwa na geji utaona presha kubwa ukadhani mambo safi, kumbe kinachofika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ni kidogo. Presha na wingi wa oili inayopita ni vitu viwili.

Pia filta ina valvu yake ya pembeni. Oili ikiwa nzito mno inashindwa kupenya kwenye karatasi, valvu inafunguka, na oili inapita bila kuchujwa mpaka ipate moto. Hili wengi hawalijui.

Hiyo mashine ya Corolla ya kabureta haikuwa na VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka. Humu ndani kamshafti ya intake inazungushwa mbele na nyuma kwa presha ya oili hiyohiyo, kupitia tundu ndogo zenye wavu mwembamba. Oili nzito inachelewa kufika, kompyuta inaamuru kamshafti isogee, yenyewe inasogea kwa uvivu. Ndiyo maana gari linakuwa zito kuchanganya likiwa baridi. Likizidi, mashine ya kupimia itasoma kodi ya hitilafu P0011 au P0012.

MzeeWaUnga:
Marahaba. Haya, la VVT-i nimelikubali. Lakini hata vitabu vya baadhi ya Toyota za soko la nje vimeruhusu 20W-50.

Njiro_Gereji:
Kweli kabisa mzee, lipo jedwali la namna hiyo kwa nchi za joto, na ndiyo sababu nasema km 400 hazijaua kitu. Ila jedwali hilohilo huitaja 5W-30 kama chaguo la kwanza. Kuruhusiwa si kupendekezwa.

Spana_Kumi:
Mleta uzi, utaratibu ni huu. Endesha dakika 5 hadi 10 oili iwe vuguvugu, isikuunguze. Paki mahali tambarare, fungua kifuniko cha juu cha kujazia ili hewa iingie. Bolti ya sampu ni spana namba 14. Acha itone dakika 15 nzima, maana 20W-50 inashuka polepole na watu huifunga mapema. Weka washa mpya ya bolti. Ile ya zamani imeshabonyea, na ukitaka kuizuia isivuje kwa kukaza kwa nguvu utaua nyuzi za sampu. Kipimo ni kama Nm 37, yaani mkono mmoja kwenye spana fupi, usiongeze bomba.

Filta: namba ya Toyota ni 90915-10001. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umegandia kwenye injini. Ikiwa miwili inabebana, oili yote itamwagika barabarani kabla hujafika Usa River. Paka oili kidogo kwenye mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Basi.

Ujazo ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, lita 3.4 bila filta. Anza na 3.4, washa, subiri taa izimike, kagua chini, zima, ngoja dakika 5, pima kwa kijiti, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na F, alama ya kujaa. Usipite F. Galoni ya lita 4 itakubakizia kama mililita 300.

Meru_Dizeli:
Kuhusu flashi: injini kavu kabisa inabeba lita 4.1. Ukimwaga na kubadilisha filta unatoa 3.7, kwa hiyo ndani inabaki kama 0.4, yaani sehemu moja ya kumi. Mchanganyiko huo unakuwa mzito kidogo tu kuliko 5W-30 safi, na sevisi inayofuata itaifuta. Zile dawa za kuflashi zinayeyusha uchafu uliokaa miaka, na ukikatika vipande unakwenda kuziba wavu wa pampu. Hapo ndipo taa ya oili inawaka kweli.

Boma_Soweto:
Naongezea la mlio. 1NZ ina kikaza cheni kinachofanya kazi kwa presha ya oili. Gari likilala, oili inashuka, na asubuhi cheni inalegea mpaka presha ipande. Kwa hiyo kelele ya sekunde mbili na 20W-50 inaeleweka. Lakini tazama na filta aliyoweka fundi. Filta za bei chee nyingine ule mpira wa ndani unaozuia oili kurudi ni mgumu kama kadi, haufungi. Ukibadilisha oili na filta pamoja kisha mlio ukabaki, hapo angalia kikaza na urefu wa cheni.

Na tusimsikilize mtu anayesema "tapeti zinalia, weka nzito". Tapeti za 1NZ si za oili, ni vikombe vya chuma vinavyobadilishwa kwa unene. Nafasi yake injini ikiwa baridi ni mm 0.15 hadi 0.25 kwa intake, na 0.25 hadi 0.35 kwa eksozi. Oili nzito inafunika sauti tu, kama kuongeza redio.

Chalii_wa_Kijenge:
Na ikiwa gari linakula oili? La kwangu Vitz linatoa moshi wa bluu, si bora nzito?

Njiro_Gereji:
Chalii, anza na kipimo. Jaza mpaka F, tembea km 1,000, pima ulichoongeza. Kisha badilisha valvu ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya injini, spea ndogo tu. Ikiganda, mvuke unasukuma oili kwenye intake na utadhani ringi za pistoni zimekwisha. Moshi wa asubuhi tu, ukiwasha, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi unapokanyaga mlimani, ringi. Ikithibitika imechoka, panda hadi 10W-40 na uishie hapo. Ringi iliyogandia kwa masizi haiponi kwa 20W-50.

Meru_Dizeli:
Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi, kuweka 0W-20 kwenye injini chakavu iliyozoea 30, halafu ukapandisha Mto wa Mbu kwenda Karatu na watu watano. Utando unakuwa mwembamba, beringi za krenki zinaanza kugusana, presha inashuka gari likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa. Nzito inakula mafuta na kuchelewa asubuhi, ila nyepesi kupita kiasi inakula chuma.

Na someni galoni. Oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA haina vilainishi vya kupunguza msuguano, imetengenezewa klachi inayokaa ndani ya oili. Bodaboda itaifurahia. Kwa 1NZ tafuta daraja la ubora la API SN au SP.

Sakina_Juu:
Nimewaelewa, asanteni sana. Kesho asubuhi inamwagwa. Je, valvu ya VVT-i niifungue kuisafisha hapohapo?

Spana_Kumi:
Hapana, ikiwa haijawasha taa ya injini usiiguse. Badilisha oili kwanza, tembea km 200. Ikiwa bado nzito kuchanganya, ichomoe, imeshikwa na bolti moja ya namba 10, na upime kwa mita: kwenye joto la kawaida iwe omu 6.9 hadi 7.9. Ukiirudisha weka o-ringi mpya. Ile mililita 300 iliyobaki itunze kwenye buti, usimpe fundi.

Sakina_Juu:
Hahaha, ya buti nimeisikia.