«Aspiki»: chakula hiki kimepataje jina la nyoka?

Swali
Wanajukwaa, ninatafsiri orodha ya vyakula kutoka Kifaransa na nimekwama kwenye «mayai ya aspiki». Kamusi yangu inasema kwanza kwamba aspiki ni nyoka mwenye sumu, kisha, mstari wa pili, kwamba ni chakula. Ni chakula gani hicho, na nyoka ameingiaje mezani?

Jibu la 1
Aspiki ni nyama, samaki, mayai au mboga zilizopangwa ndani ya supu iliyochujwa mpaka ikang'aa, kisha zikaachwa penye ubaridi hadi supu yenyewe ikashika na kuweza kukatwa kwa kisu. Yeyote aliyewahi kulaza sufuria ya supu ya makongoro kwenye friji anaijua hali hiyo: asubuhi ukiiinamisha haimwagiki, inatetemeka tu, na ukiirudisha motoni inakuwa supu tena. Kinachoishikisha ni jelatini, inayotoka kwenye ngozi, kano na mifupa iliyochemshwa kwa saa nyingi.

Ama nyoka, jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki *aspis*, naye ndiye fira. Jinsi alivyofika kwenye sahani, wataalamu hawajaafikiana: wapo wanaotaja rangi za vyakula vinavyoonekana ndani ya jeli, na wapo wanaotaja ubaridi, kwa kuwa Wafaransa wana msemo wa «baridi kama fira». Mimi naegemea ubaridi, maana lugha nyingine nazo zimepitia njia hiyohiyo. Neno «jeli» limetokana na *gelée* ya Kifaransa, yenye maana ya jalidi pia, kutoka kitenzi cha Kilatini *gelare*, yaani kugandisha. (Mfanano wake na «jalidi» yetu usikudanganye, hiyo ni ya Kiarabu.) Warusi nao huita chakula cha namna hii *kholodets*, kutoka *kholod*, baridi.

Jibu la 2
Basi Kiswahili hakihitaji nyoka, kwa sababu «kuganda» kunabeba maana zote mbili: maji huganda yakawa barafu, na mchuzi huganda ukawa jeli. Ningeandika «mayai ya kugandishwa».

Jibu la 3
Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Ni kweli «kuganda» ni neno pana: damu huganda, na maziwa ya mgando yameganda kwa uchachu bila baridi yoyote. Lakini mgeni akisoma «mayai ya kugandishwa» atadhani yametolewa kwenye friza yakiwa magumu kama jiwe. «Jeli» peke yake nayo humpeleka kwenye ile tamu ya watoto.

Muulizaji
Nashukuruni. Nimeandika «mayai baridi ndani ya jeli ya supu», na nimemwomba mpishi aniambie supu hiyo ni ya mifupa ya mnyama gani, kwa kuwa jelatini hutengenezwa kwa nguruwe pia na wageni wetu wengi ni Waislamu.