Ushauri wakuu: kompaila inameza RAM yote, laptopu inaganda ikifika asilimia 91

Mwani_wa_Sahare
Asalaam aleikum wakuu, na wengine wote habari za usiku. Nipo Tanga mjini, Sahare. Leo siku ya nne sijalala vizuri. Najenga QGIS, ile programu ya ramani, kutoka kwenye msimbo wake, kwenye Linux. Inaenda vizuri, ikifika asilimia 91 kompyuta inaganda. Kipanya hakisogei, saa ya kwenye kona inasimama, feni inalia kama mashine ya kukoboa. Baada ya dakika ishirini inarudi na kunitupia maneno haya:

c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

Nikirudia, inafia palepale. Swali langu ni moja: hii kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu, ina ugonjwa? Nirudi toleo la zamani la GCC au nihamie Clang? Bamvua lijalo natakiwa niwe na kazi ya watu mkononi, na mpaka sasa sina kitu.

Kijana wa Makorora
Pole jirani. Kwa joto hili la Tanga hata mimi nafika asilimia 91 nalala. Iweke juu ya sinia la barafu uone.

Fundi Barabara ya 12
Barafu asiweke, ataleta unyevu. Ila joto ni kweli. Laptopu za huku pwani nazifungua kila wiki, ndani unakuta vumbi limeshikana na chumvi ya bahari, pasta ya prosesa imekauka imekuwa kama ugali wa jana. Kuna mteja aliniletea yake kutoka Pangani, inazima kila baada ya dakika kumi, alishaambiwa anunue nyingine. Nilisafisha feni, nikapaka pasta mpya, mpaka leo anaitumia dukani. Mkuu niletee nikuangalizie.

Binti Chumbageni
Fundi, joto likizidi mashine inapunguza kasi au inazima kabisa. Hii haijazima. Neno lenyewe ni Killed. Kuna aliyeua.

Kaka, cc1plus ndiye anayefanya kazi yenyewe ya kusoma C++ ndani ya GCC. Memori (RAM) ikiisha kabisa, kerneli ya Linux inachagua mchakato mmoja mnene na kuuchinja ili mashine isife yote. Andika sudo dmesg na uangalie mwishoni, utakuta Out of memory na jina la aliyechinjwa. Kompaila yako haina ugonjwa, ina njaa, na huenda wamekaa wengi kwenye sinia moja. Naomba vitu vitatu: matokeo ya free -h (memori), matokeo ya nproc (idadi ya viini vya prosesa), na amri uliyoandika kuanzisha ujenzi. Amri yenyewe, herufi kwa herufi.

Mwani_wa_Sahare
Ahsante dada. RAM ipo ya kutosha, laptopu hii naifanyia kila kitu, hata video nakata. Amri ni ile ya kawaida tu ya make. Mimi nadhani ni toleo la GCC, maana nilisoma mahali kwamba matoleo mapya yanakula sana.

Binti Chumbageni
"Ya kutosha" siyo namba, na "ya kawaida" siyo amri.

Mwalimu wa Muheza
Mdogo wangu, nikuulize kwa nia njema. QGIS inapatikana ikiwa imeshajengwa. Waliotengeneza wanaiweka tayari kwa Windows, kwa Mac na kwa Debian na Ubuntu, unaishusha unaanza kazi. Vijana wetu mnapenda kupanda mnazi kwa kichwa wakati nazi zipo sokoni. Muda ni mali.

Mwani_wa_Sahare
Shikamoo mwalimu. Iliyo tayari ninayo. Lakini nimeongeza kitu changu ndani ya msimbo. Kuna kikundi cha akina mama wanaolima mwani, Wilaya ya Mkinga, nawachorea ramani ya mashamba yao. Wao hawahesabu mita wala hekta, wanahesabu kamba. Ukimwambia mama shamba lake ni mita za mraba kadhaa anakutazama tu. Ukimwambia kamba mia mbili anakwambia hapana, ni mia moja na themanini, ishirini alichukua shangazi yake. Kwa hiyo nimeongeza kipimo cha "kamba" kwenye orodha ya vipimo. Ndiyo maana lazima nijenge mwenyewe.

Pima Ardhi
Hapa umenigusa. Kabla ya kamba, niambie vipimo vyako vimo kwenye mfumo gani. Ramani zetu nyingi za zamani ni Arc 1960, GPS ya simu inakupa WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, shamba linahama mamia ya mita, la mama Mkinga unalikuta katikati ya mkondo wa maji. Kwa Tanga tumia UTM kanda ya 37 kusini, namba yake EPSG:32737, ndipo upime urefu na eneo. Niliwahi kuitwa kwenye mgogoro wa mpaka, ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani mwaka mzima, kumbe kosa ni mfumo wa ramani. Nilikaa nao ukumbini nikawaonyesha kwenye skrini. Yule mkubwa alilia.

Mwani_wa_Sahare
Natumia hiyo 32737, ahsante. Dada Chumbageni, samahani nilikuwa nimetoka. nproc inasema 4. free -h inasema jumla 3.7Gi, na kwenye swapu inasema 0B.

Binti Chumbageni
Giga nne. Na swapu, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, sifuri. Ubuntu ikijiwekea yenyewe huwa inatengeneza swapu. Yako imekwenda wapi?

Mwani_wa_Sahare
Niliizima wiki iliyopita. Kuna video ilisema swapu inaua SSD, na hii SSD nimenunua kwa jasho langu. Sioni kama ni kosa, watu wengi wanazima.

Binti Chumbageni
Na amri?

Mwani_wa_Sahare
make -j

Binti Chumbageni
Bila namba mbele?

Mwani_wa_Sahare
Bila namba. Rafiki yangu aliniambia -j inaongeza kasi, na kweli inaongeza. Siwezi kurudi kwenye moja moja, nitamaliza mwezi ujao. Halafu suluhisho nimeshalianza, nimetoa elfu 40 ya kuanzia kwa jamaa mmoja Dar, ananitumia RAM ya giga 16 kwa basi. Nilichotaka ni kuhakikisha tu kwamba tatizo siyo GCC kabla sijamalizia hela.

Kijana wa Makorora
Kaka umefungua mlango wa daladala ukasema wote ingieni, halafu unauliza kwa nini springi zimelala.

Fundi Barabara ya 12
Subiri kwanza na hiyo RAM. Umefungua chini ukaona sloti? Laptopu nyembamba nyingi siku hizi RAM imechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza. Na kama sloti ipo, ni DDR3L au DDR4? DDR3L ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, moja haiingii kwa mwenzake hata ukiipiga nyundo. Andika sudo dmidecode -t memory, halafu bado nifungue kwa macho.

Mwani_wa_Sahare
Jamaa alisema inaingia kwenye laptopu zote.

Jicho Kali
Wakuu mimi naona hii ni chai, tena ya tangawizi. Sikilizeni. Mashine ya giga nne, swapu hakuna, make -j bila namba. Hiyo inafungua kompaila nyingi kadiri inavyoweza. Ilitakiwa ife asilimia 3, ife asilimia 5. Huyu anasema imefika 91 na inafia palepale kila siku. Haiwezekani. Halafu ghafla anatokea jamaa wa Dar anayeuza RAM inayoingia kwenye laptopu zote. Kesho mtaona namba ya simu hapa. Mama wa mwani, kamba mia mbili, hadithi tamu, lakini hesabu hazikai.

Baharia Mstaafu
Hata mimi nilijiuliza. Mambo ya kompyuta siyajui, ila bamvua ya nini kwenye laptopu?

Kijana wa Makorora
Picha iwekwe. Bila picha tunafunga uzi.

Mwani_wa_Sahare
Jicho Kali, umenivunjia heshima na sijawahi kumuuzia mtu hata waya. Mzee Baharia, bamvua ni kwa sababu mashamba ya mwani yanaonekana maji yakitoka sana, ndipo akina mama wanaingia kufunga na kuvuna, na ndipo mimi naweza kupita na GPS. Maji mafu huna unachopima.

Haya, nasema yote. Siku tatu za kwanza niliandika make peke yake, bila -j. Usiku kucha. Ndiyo iliyonifikisha 91. Siku ya nne nikachoka, umeme ulikuwa umekatika mara mbili, nikaona bora nikimbize zilizobaki, nikaweka -j. Sikusema kwa sababu niliona nitaambiwa nimeharibu mwenyewe. Haya maneno ya dmesg nanakili kwa kifupi, jina la faili nimelitoa kwenye skrini ya ujenzi:

Out of memory: Killed process (cc1plus)
sip_corepart2.cpp

Binti Chumbageni
Sasa hesabu imekaa. Jicho Kali shaka yako ilikuwa ya maana, ilitupatia siku tatu zilizokuwa zimefichwa.

Kaka sikia. make haijengi tena kilichokwisha, mafaili yale ya .o yapo salama, ndiyo maana kila ukirudia unaanzia 91 na siyo sifuri. Na hapo 91 umekutana na wakubwa. Hizo sip_corepart zinazalishwa na chombo kiitwacho SIP ili lugha ya Python iweze kuongea na QGIS. Badala ya mafaili mengi madogo, wanayaunganisha kuwa machache makubwa mno, na kila moja likisomwa na cc1plus linataka memori nyingi peke yake. Wewe umeyaita yote kwa pamoja kwenye giga nne. Clang isingekuokoa, wala GCC ya zamani.

Fanya hivi. Usiguse mipangilio ya cmake, ile programu inayoandaa ujenzi, hata mtu akikwambia uweke Release au uondoe -g inayoweka taarifa za kutafuta makosa. Ni kweli taarifa hizo zinaongeza matumizi ya memori, ungeziondoa mwanzoni ingesaidia. Ukibadilisha leo, mafaili yote yanajengwa upya na siku tatu zako zimekwenda na maji.

Rudisha swapu:

sudo fallocate -l 6G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Uhai wa SSD unapimwa kwa terabaiti zinazoandikwa. Usiku mmoja wa swapu hauiui. Kisha funga kivinjari, funga kila kitu, na andika make -j1. Mafaili mazito yakipita unaweza kupandisha -j2. Tazama pia df -h /tmp. Ikisema tmpfs, basi hata mafaili ya muda yanakaa ndani ya RAM, ielekeze TMPDIR kwenye diski.

Kama usingehitaji Python kabisa, mwanzoni kwenye cmake ungeweka WITH_BINDINGS=OFF na hayo mafaili yasingejengwa. Lakini programu jalizi nyingi za QGIS ni za Python, ungezikosa.

Pima Ardhi
Na mimi sijamaliza. Hiyo ramani ataifungua nani, wewe au wao?

Mwani_wa_Sahare
Wao. Kikundi kina kompyuta moja ofisini.

Pima Ardhi
Ina Linux?

Mwani_wa_Sahare
Windows.

Pima Ardhi
Mdogo wangu. Ukimaliza kujenga hii ya Linux, ofisini kwao haifunguki. Na hicho kipimo hakihitaji C++. Fungua kikokotoo cha sehemu (Field Calculator) ndani ya QGIS, andika $length ugawanye kwa urefu wa kamba moja ya kikundi, tayari una safu ya kamba. Ukitaka iwe na jina lake, kwenye kihariri cha fomula kuna ukurasa wa kuandika fomula yako kwa Python, mistari mitano, unaiita kamba. Inaendeshwa kwenye QGIS yoyote, hata ya Windows.

Mwani_wa_Sahare
Lakini nimeshafika 91. Nikiacha sasa, siku nne zote ni bure. Na kuona neno "kamba" kwenye orodha moja na mita na maili, siyo sawa na kuliona kwenye safu ya jedwali. Nilitaka wakifungua walikute humo, kama vipimo vingine.

Mwalimu wa Muheza
Hilo nimelielewa. Maliza basi.

Mwani_wa_Sahare
Nimerudi. Saa 11 alfajiri, adhana ilikuwa ndiyo inaanza. make -j1 na swapu ya giga 6. sip_corepart2 ilipita, nikaipima kwa /usr/bin/time -v, peke yake ilifika giga moja na nusu hivi. Mashine ilikuwa nzito lakini kipanya kilisogea usiku wote. Asilimia 100. Neno kamba lipo kwenye orodha, nimelitazama muda mrefu.

Mchana nilikwenda Barabara ya 12. Fundi alifungua mbele yangu, RAM imechomelewa, sloti hakuna hata moja. Fundi ahsante, na ile pasta umepaka bila kunitoza. Jamaa wa Dar anasema elfu 40 hairudi ila anaweza kunipa diski ya nje, bado tunabishana.

Fomula ya Python nimeandika pia, ndiyo nitakayowapelekea Mkinga. Mzee Pima Ardhi, inagoma kwenye mashamba mawili, inatoa kamba sifuri.

Pima Ardhi
Hayo mawili umeyachora kama poligoni. Kwa poligoni $length haikupi kitu, na $perimeter ingekupa mzunguko wa nje tu, siyo kamba. Chora kila mstari wa kamba kama mstari. Nitumie faili jioni nitazame.

Jicho Kali
Kaka nimekosa, nisamehe. Hiyo diski ichukue.